Marobota ya Baba

Ti. Mlio huo naukumbuka kabla ya harufu ya dagaa, kabla ya upepo wa ziwa. Ulitoka kwenye kimashine cha kijivu cha kushika kwa mikono miwili, ambacho mjomba, kaka yake mama, alikileta kutoka Sirari mpakani alikokuwa akifuata mitumba, zama zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu: kijitu kinasukuma masanduku ghalani mpaka kila moja likae kwenye alama yake. Likikaa, kinalia ti. Nyumbani kwetu Nyakato, mlio huo ulimaanisha mama yuko salama kwa kitambo. Kimya kirefu kilimaanisha baba amekwama, na baba akikwama alipiga.

Alikuwa mtu wa ghala katika kiwanda cha nguo. Wafanyakazi walipopunguzwa, alirudi na kipande cha mkanda wa mashine, kipana kama kiganja, akakitundika nyuma ya mlango. Siku moja ncha yake ilimpata mama sikioni, damu ikatiririka hadi shingoni, na tangu hapo ukimwita upande wa kushoto hageuki. Sisi watoto tulichapwa pia, huku tukikumbushwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kimashine kilipofika, baba aliyaita yale masanduku marobota, kama ya vitambaa vya kiwandani, na kwa mara ya kwanza tangu kazi iishe nilimwona akikaa wima, kama mtu anayesubiriwa mahali. Kilichomuudhi ni kimoja: kijitu kilijua kusukuma tu. Robota likiingia kwenye kona halitoki, inabidi kuanza upya. "Mtu gani wa ghala hajui kuvuta?" alifoka. "Mimi nilikuwaga navuta kwa ndoano! Peke yangu!" Kisha mkono ukaenda nyuma ya mlango.

Njia aliiona kaka yangu Masatu. Kazi yake ilikuwa kuanika betri juani zipate nguvu tena, na akizipeleka alichungulia begani mwa baba, akaondoka na ghala zima kichwani. Halafu alifumba macho akilipanga, hata ungedhani amesinzia. "Nyamisi," aliniambia, "huanzi na lililo karibu. Unaanza na lile ambalo ukilichelewesha litafungiwa." Lakini nani angethubutu kumfundisha baba? Basi tulichora ghala kwa kijiti uani, makopo ya mafuta yakawa marobota, mimi nikawa kijitu. "Sukuma, we! Kulia! Usivute, mwizi wewe!" Masatu alipaza sauti, na tulicheka kwa makusudi. Baba alikaa mlangoni akijifanya ananyoa ndevu. "Wajinga hawa, hata kupanga makopo hawajui," alisema, akaingia ndani. Haukupita muda: ti. Ti. Ti. Mama aliinamia dagaa aliokuwa akichambua, tusimwone uso.

Jumapili moja, baada ya ibada, mjomba alitukuta hivyo, baba na kimashine mlangoni, sisi vumbini. Alitazama kioo cha kimashine, akatazama makopo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji! Kumbe unafundishwa na watoto! Haya, mwanafunzi, umefika darasa la ngapi?" Hakuwa na ubaya, mashemeji hutaniana. Baba naye alicheka, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakwenda nyuma ya mlango. Alikichukua kimashine akamrushia Masatu usoni kwa nguvu zake zote, kona yake ikaingia jichoni. Masatu alianguka juu ya makopo. Baba akamfuata palepale chini kwa mateke, mbavuni, kichwani. Mama aliokota mchi. Aliupiga mkono wa kulia wa baba, nikasikia mfupa. Baba alipoanguka, akaupiga tena ukiwa ardhini. Kisha akambeba Masatu mgongoni, mtoto mkubwa vile, damu ikimdondokea begani, tukaenda hospitali, na kutoka hospitali tukaenda Bugwema kwa bibi. Hatukurudi. Jicho nalo halikurudi. Mkono wa baba haukufumba tena, na alikufa peke yake. Hilo pia linaniuma, siwezi kusema uongo.

Masatu tulimzika mwaka jana, alikufa kwa homa. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Mwanawe, mwenye paji la uso lilelile la baba yake, ana mchezo ule kwenye simu, sasa una rangi na muziki. Juzi alinipa nijaribu, nikaliingiza sanduku kwenye kona. "Bonyeza hapa, shangazi, linarudi nyuma." Sisi tuliambiwa maji yakimwagika hayazoleki, kwa watoto hawa yanazoleka. Niliweka kidole juu ya alama ile ya kurudisha nyuma nikafikiri: ningerudi hadi wapi? Nikiishia kabla ya mjomba kucheka, jicho la Masatu linapona, lakini mkanda bado uko nyuma ya mlango na mchi haujainuliwa, nasi hatujaondoka Nyakato. "Shangazi, bonyeza basi!" Nikamrudishia simu yake, sanduku likiwa palepale.