Mlenda wa Hanoi

Mjukuu wangu anayeyaandika haya nimemwamuru asiongeze neno lake wala asipunguze langu. Mimi sikusoma. Nilizaliwa Busi, kule Kondoa, nikalima huko uwele na alizeti mpaka nywele zikageuka rangi, na sasa naishi Nzuguni, Dodoma, kwa mwanangu wa kiume, mahali ambapo nyumba zinaota haraka kuliko mahindi. Watu wa mtaa huu wameisimulia safari yangu kila mmoja kwa namna yake. Wapo wanaosema nilikwenda Asia kula nyoka. Nyoka sikumla. Nilichokula nitakisema hapa.

Nilikwenda kumlea mzazi. Binti yangu wa mwisho alikuwa Hanoi, nchi ya Vietinamu, akisomea kilimo cha mpunga, na mtoto wake wa kwanza, wa kike, akazaliwa kabla ya siku zake. Mume wake alikuwa Dodoma kazini na hakupata ruhusa. Kwetu mwanamke aliyejifungua haachwi peke yake. Mama yake au mama wa mumewe huja, akamkanda kwa maji ya moto na kumpikia siku arobaini, na hakuna chakula kinachoingia kinywani mwa mzazi kabla anayemlea hajakionja. Mama yangu alinifanyia hivyo. Mimi nimewafanyia mabinti zangu wengine wawili, na sikuona kwa nini wa tatu akose kwa sababu tu yuko mbali.

Niliondoka na begi lenye unga wa uwele, mlenda mkavu nilioutwanga kwa mkono wangu, na pande la magadi. Uwanja wa ndege wa huko, kijana aliyevaa glavu alifungua begi, akanusa, akatikisa kichwa, akavitia vyote katika pipa. Nilimtazama kwa jicho ambalo wajukuu zangu wanalifahamu. Yeye hakulifahamu. Alinionyesha mlango, nami nikatoka na kanga zangu peke yake.

Nilimkuta binti yangu amebaki macho na mifupa. Mtoto alikuwa akinyonya mpaka anachoka, kisha analia, kisha analala kwa kuchoka kulia. Maziwa yalikuwa machache mno. Wauguzi walikuwa wamempa wiki moja: uzito wa mtoto usipoongezeka, aanzishiwe maziwa ya kopo. Binti alinieleza hayo akiwa ametazama ukuta.

"Mama, hata hili limenishinda."

"Halijakushinda," nikamwambia. "Hujala."

Ghorofa ya chini aliishi mwenye nyumba, mwanamke mjane wa umri wangu, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeswaga mbuzi. Jiko lilikuwa lake na wapangaji walilitumia kwa zamu. Tangu mtoto azaliwe, alikuwa akimpandishia binti yangu supu ya papai bichi na kwato za nguruwe, kwa kuwa ndicho chakula wanachompa mzazi huko ili maziwa yashuke. Binti alikwisha kumweleza kwa heshima kwamba sisi Waislamu hatuli nguruwe. Yule mama aliona ni haya ya mgeni, akaendelea kuleta. Siku yangu ya pili nilikutana naye kwenye ngazi, bakuli linafuka mvuke. Nililifunika kwa kiganja na kumrudishia. Akanisogezea. Nikamrudishia tena. Binti akapaza sauti kutoka kitandani kwa lugha yao, na mama yule akashuka akinung'unika. Niliuliza amesema nini.

"Amesema umekuja kuniua kwa njaa."

"Mwambie njaa nimeikuta."

Binti hakumwambia.

Asubuhi iliyofuata niliingia sokoni. Lilikuwa soko la uchochoroni, nyuma ya nyumba, nami nilikwenda na sheria zangu mbili. Nyama sitaigusa, kwa kuwa sijui imechinjwa na nani. Na chochote nitakachompelekea mwanangu kitapita kwanza ulimini mwangu. Hivyo nikaonja. Nilikaa kwenye vigoda vyao, vifupi kama vile tunavyokalia kukamua ng'ombe, nikaonyesha kwa kidole, nikafungua kinywa. Nilionja soya iliyosagwa, ikagandishwa na kukatwa vipande kama sabuni ya mche. Haikuwa na ladha yoyote mpaka ilipochovywa katika mchuzi mweusi wa samaki waliovundikwa kwenye chumvi. Harufu ya mchuzi ule ilinirudisha nyuma, lakini ladha yake nilikwenda nayo mdomoni mpaka mwisho wa soko. Nilimwona mwanamke akimwaga uji wa mchele juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye mdomo wa chungu cha maji yanayochemka. Uji ukaiva papo hapo, ukawa chapati nyembamba hata nikaona kidole chake upande wa pili. Nilikula mbili. Na majani. Watu wale wanakula majani mabichi kwa mafungu, mengine yananukia limau, mengine yanawasha, na moja, nasema kweli tupu, linanuka samaki. Wauzaji walikuwa wakiitana waje kunitazama. Sikuwazuia. Walikuwa wananitazama nikifanya kazi.

Kila nilichokiona kinafaa nilimpelekea binti. Alikula kidogo kidogo kwa adabu, kama mtu aliyealikwa, kisha akasukuma bakuli. Chakula kilikuwa kizuri. Hakikuwa kile ambacho mwili wake ulikuwa unakidai, nami nilichokuwa nimekileta kilibaki katika pipa la uwanja wa ndege. Siku tatu zikapita katika ile wiki.

Siku ya nne nilipita mbele ya mwanamke mwenye mafungu ya jani la aina moja tu, yenye vikonyo vyekundu, yamefungwa kwa nyasi vizuri kama zawadi. Nilimpita. Kisha miguu ikasimama yenyewe. Nikarudi, nikaokota jani. Pembeni lilikuwa na meno madogo kama ya msumeno, na pale jani linapokutana na kikonyo kulikuwa na nywele mbili nyekundu, moja kila upande. Nikalivunja, nikalisugua kwa vidole, nikavitenganisha. Ute ukavutika.

Ulikuwa mlenda. Ule ule ambao Busi unaota pembeni mwa shamba mvua zikishanyesha, bila kupandwa na mtu, na tunauchuma bila kumwomba yeyote. Nilikwisha kuupita kwa sababu sikutarajia kuuona umefungwa kwa heshima namna ile. Nilinunua mafungu yote aliyokuwa nayo, naye akadhani nina mifugo.

Sasa naja kwenye kosa langu, nami nalisema mwenyewe kabla wengine hawajalisema. Mlenda bila magadi haulainiki. Jani linabaki gumu na ute wake haukamiliki. Jikoni kwa mwenye nyumba kulikuwa na chupa ya chembe nyeupe zinazong'aa, kama magadi yaliyopondwa yanayouzwa sokoni Kondoa. Furaha ilinitoa katika desturi yangu. Sikuonja. Nilichota konzi nzima nikatia chunguni, nikakoroga, nikangoja. Jani halikulainika. Nilipoonja, nikakutana na ladha kama ya supu ya kuku iliyotiwa sukari na chumvi kwa wakati mmoja. Nikatema kwenye karo. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, ameona konzi yangu tangu mwanzo, naye alicheka mpaka akashika ukuta. Binti akashuka taratibu na mtoto mkononi kuja kutafsiri.

"Anasema hicho ni kiungo cha kutia ncha ya kijiko. Anasema umepika cha mwaka mzima."

"Mwambie chupa kama hiyo huandikwa juu."

"Imeandikwa, Mama."

Nikarudisha chupa mahali pake. Hiyo ndiyo mara pekee katika safari ile niliponyamazishwa.

Mwenye nyumba alipomaliza kucheka alikuja kuchungulia chunguni, na alipoona jani, uso wake ukabadilika. Akagusa kifua chake, akamnyooshea binti yangu kidole, akaligusa jani, akatikisa kichwa kukubali, akasema maneno mengi kwa haraka. Binti akaniambia kwamba hata huko jani lile hupikiwa mzazi ili maziwa yaje. Mwenye nyumba angelileta mapema, ila aliniona nikirudisha bakuli lake akajua sitaki chochote kilichoota katika ardhi yao. Nilimwambia binti amjibu kwamba nilichokataa ni nguruwe. Safari hii alifikisha, na mama yule akatazama chini kidogo, kisha akanisogezea kigoda.

Kilichobaki kilikuwa magadi. Binti hakujua yanaitwaje kwa lugha ile, na kueleza kwa mikono kulishindikana. Lakini nilipokuwa nimekaa pale, nilisikia maji yakidondoka kwenye kona. Siku zile walikuwa wakijiandaa kwa sikukuu yao, na mwenye nyumba alikuwa akitengeneza maji ya kulowekea mchele wa mikate inayofungwa kwa majani. Alikuwa amechoma mabua ya mpunga, akatia majivu kwenye ndoo iliyotobolewa na kuzibwa kwa kitambaa, akamwagia maji, nayo yakawa yanachuja tone kwa tone kwenye beseni, rangi ya chai nyepesi. Niliinuka. Nilichovya ncha ya kidole, nikagusisha ulimi. Yaliung'ata ulimi, na kati ya vidole yakateleza kama sabuni. Miaka ambayo magadi hayakufika Busi, mama yangu alichoma mabua ya maharage akachuja majivu vivyo hivyo, hata ndoo ilitobolewa vivyo hivyo.

Nilipochota, mwenye nyumba alinishika mkono. Aliogopa nitamwaga beseni zima kama nilivyomwaga chupa. Nilimtazama, nikamwonyesha kijiko kimoja. Akaachia.

Nilianza upya na jani jipya. Kijiko kimoja cha maji yale, na chungu kikatulia, kisha kikapanda povu la kijani, na jani likayeyuka mbele ya macho yetu. Nilipoinua upawa, ute ulishuka mrefu, mwembamba, bila kukatika. Mwenye nyumba alisema neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani. Nikatia uduvi mkavu niliouponda na chumvi. Yeye akadondoshea mchuzi wake wa samaki bila kuniuliza. Niliinua mkono kumkemea, nikaonja kwanza, nikaushusha mkono.

Nilisonga ugali wa unga wa mchele, kwa kuwa uwele hawana. Binti alikaa sakafuni, akamega kwa mkono, akachovya, akavuta ute kwa kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni, akala. Alipomaliza alilifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akalinyoosha kwangu bila kuinua macho. Nikajaza. Akanyoosha tena.

Tulipika asubuhi na jioni. Siku moja mimi nilichuma majani kwenye vikonyo na mwenye nyumba alisimamia moto, siku nyingine tulibadilishana, na kila mmoja alikuwa akimkosoa mwenzake kwa lugha ambayo mwenzake haijui. Siku ya pili ya mlenda, jioni, nikiwa nafua nepi, binti aliniita kwa sauti ambayo ilinifanya niache maji yakimwagika.

"Mama, mtoto anapaliwa."

Nilimkuta mtoto anakohoa, kidevu kimelowa, na gauni la mama yake limelowa mpaka kiunoni. Binti alikuwa ameshika titi kwa kiganja kulizuia, na bado maziwa yalikuwa yanapita katikati ya vidole.

"Mkalishe wima," nikamwambia. "Mpumzishe, kisha umpe upande wa pili. Unalia nini? Shika mtoto."

Wiki ilipotimia tulikwenda kwa wauguzi. Mtoto aliwekwa kwenye mizani, muuguzi akatazama, akamtoa, akaisawazisha, akamweka tena. Kisha akamuuliza binti amekula nini. Binti akaninyooshea mimi kidole. Sikutabasamu, lakini nilisimama wima kuliko nilivyosimama tangu nishuke kwenye ndege.

Tuliporudi, mwenye nyumba alikuwa ametandika mkeka katika chumba cha binti. Kulikuwa na mlenda wake na uduvi, samaki wa kukaanga, zile chapati nyembamba za mchele, lundo la majani mabichi, na sahani ya mikate yake ya sikukuu, myekundu, inayopitisha mwanga. Alinikalisha kwa kunisukuma bega, jambo ambalo mtu wa Busi hathubutu, akasema na binti.

"Anasema siku zote umeonja tu. Anasema leo ule."

Nikanawa mikono. Nilikula bakuli la kwanza na la pili. La tatu nilijichotea mwenyewe kutoka chunguni, nikaongeza mchuzi wa samaki kwa mkono wangu.