Mama Mkwe kwenye Kiti cha Abiria

Sydney ilipofungwa mara ya pili kwa sababu ya korona, mama mkwe wangu alikuwa kwetu Blacktown kwa matembezi ya miezi mitatu ambayo yalikuwa yameshafika mwaka na nusu. Mipaka ilimfungia kwenye nchi ambayo baridi yake hakuipenda, tena ndani ya nyumba ya mkwe wake, na hilo la pili ndilo lililokuwa zito zaidi. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawakai kochi moja, hawapeani mikono, wala hawatazamani usoni muda mrefu. Akiingia sebuleni, mimi nilikumbuka kitu jikoni. Akija jikoni, nilikumbuka kitu uani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kwa hiyo nilishinda nikikumbuka vitu.

Kisha akateleza bafuni akaumia nyonga. Hospitalini walimwandikia mazoezi ya kila wiki na fundi wa viungo. Daktari alisema waziwazi kwamba akiyafanya atatembea, na akiyaacha atafanyiwa upasuaji. Ruhusa ya kutoka nyumbani kwa matibabu tulikuwa nayo. Gari la kumpeleka ndilo lililokuwa tatizo, maana mke wangu ni muuguzi na gari la familia aliondoka nalo kila asubuhi. Lililobaki lilikuwa langu.

Gari langu ni la michezo, la Kijapani, la zamani, milango miwili na viti viwili. Nililinunua nilipofikisha miaka arobaini, na nilimweleza mke wangu kwa muda mrefu sana kwa nini ulikuwa uamuzi wa busara. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungesema tu umelipenda, mume wangu, tungekuwa tumeshakula."

Hiyo ndiyo tabia yangu. Kazi yangu ni kuwafundisha watu wa maofisini kutumia programu za kompyuta, na sijui kuacha kazi kazini.

Kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Gari limekalia springi, na springi ikishabonyea hupenda kuendelea kuruka. Shokapu ndiyo inayoituliza. Kati ya vyuma na vyuma kuna bushi, vipande vya mpira vinavyozuia vyuma visigongane. Shokapu zikichoka, gari hurukaruka kwenye kila tuta. Bushi zikiisha, gari huyumba kwenye kona. Zangu zote zilikuwa na umri wa kuoa.

Sasa fikiria kipilefti. Tukizunguka, gari lililala upande wa kushoto na mimi nikamwelemea mama mkwe. Tukitoka, lililala kulia na mama mkwe akaniegemea mimi. Kutoka kwetu mpaka hospitali palikuwa na vipilefti sita. Kila tulipogusana bega kwa bega nilisema, "Samahani, mama," naye akajibu, "Haidhuru, baba," akitazama dirishani. Sita kwenda na sita kurudi.

Hospitalini waliruhusu mtu mmoja amsindikize mgonjwa, nami nikaingia naye kutafsiri. Nilitafsiri vizuri, nathubutu kusema. Kijana aliyemfanyisha mazoezi alikuwa na maneno machache, nikamwongezea. Nilimwonyesha mama mchoro wa nyonga ukutani na nikamweleza mpira ulio kati ya mfupa na mfupa.

Baada ya safari ya tatu, mama mkwe alimwambia binti yake kwamba haendi tena.

"Kasema kwa nini?" nikamwuliza mke wangu.

"Amesema safari inamchosha."

Nilielewa mara moja, kama ninavyoelewa kila kitu. Ni gari.

Vijana wa kwenye mtandao walinishauri ninunue shokapu za mashindano na springi fupi za kulishusha gari. Niliwashukuru nikakataa. Nikaagiza vitu vya kawaida, vilevile vya kiwandani. Kama una gari la zamani na unataka kulirudishia utu wake, nakushauri ufanye hivyohivyo. Wale waliolitengeneza walishafikiria barabara mbovu, mvua na mama mkwe. Usiogope pia kuifanya kazi mwenyewe. Inataka jeki, stendi imara, spana nzuri na moyo wa kukubali kwamba boliti ya zamani haitatoka siku uliyopanga. Yangu moja ilitoka Jumamosi ya tatu. Nilikuwa nimeshaipa majina.

Mama mkwe alikaa barazani, barakoa kidevuni, akinitazama kwa mbali. Wiki zilikuwa zinapita bila mazoezi, na nilimwona akishika ukuta kwenda chumbani. Kila nilipomwona, nilikaza kwa nguvu zaidi.

Jumapili moja jioni nilimaliza. Nikalishusha gari chini, nikarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa limesimama juu kama kuku aliyekanyaga maji. Nikalipeleka mpaka mwisho wa mtaa, likarukaruka kuliko zamani.

Kosa langu lilikuwa hili, na nalitoa bure ili usilirudie. Bushi za mpira zisikazwe gari likiwa juu na magurudumu yananing'inia. Ukizikaza hivyo, mpira hushikwa ukiwa umeelekea chini, na gari likishuka hujipinda na kushindana nawe. Boliti za mwisho hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ikiwezekana na mtu ndani. Nilikuwa nimelisoma hilo. Tena nilikuwa nimemweleza jirani yangu juu ya uzio, kwa mifano.

Siku ya pili yake nikalipandisha gari juu ya magogo manene, magurudumu yote manne yakiwa yameyakanyaga, nikalegeza boliti upya. Nikaenda kuchukua gunia la mchele la kuweka kwenye kiti cha abiria.

"Unaenda wapi na mchele wangu?" mama mkwe akauliza kutoka barazani.

Nikamweleza. Nilieleza kwa kirefu.

"Kwa hiyo unataka uzito tu."

"Ndiyo, mama."

"Mchele tutakula. Mimi siyo mzito?"

Gari likiwa juu ya magogo, kiti chake kilikuwa kimo cha kiti cha mezani. Alikaa bila shida, kwa mara ya kwanza. Nikahakikisha breki ya mkono, nikatikisa gari mara mbili kuona magogo yametulia, kisha nikajilaza chini yake na spana.

Nikakaza boliti ya kwanza. Halafu sauti ikaja kutoka juu, kupitia sakafu ya gari.

"Baba."

"Naam, mama."

"Unanisikia huko?"

"Nakusikia vizuri."

"Na hunioni."

"Sikuoni, mama. Naona bomba la moshi."

"Vizuri. Basi nisikilize. Siyo gari."

Spana ikatulia.

"Gari linatikisika, sawa. Hata punda hutikisika. Yule kijana ananishika mguu, ananiinua huku na huku, hiyo ni kazi yake, Mungu ambariki. Lakini mkwe wangu amesimama pale! Amesimama, ananitazama, tena anaeleza! Nyonga hii, mfupa huu, mpira huu! Nilitaka ukuta unimeze."

Nilianza kueleza. Kilichotoka kilikuwa, "Nilidhani nasaidia."

"Unasaidia sana. Saidia ukiwa nje."

Nilibaki pale chini nikitazama bushi mpya. Jumamosi tatu, nimetengeneza gari, na kilichokuwa kimelegea kilikuwa mdomo wangu. Lakini niseme kweli, niliona pia kwamba lile lilikuwa zungumzo letu refu kuliko yote tangu afike. Kwao wanajua kwamba watu wawili wakitengwa na ukuta huambiana ukweli. Sisi tulipata sakafu.

"Mama, kuna wakalimani wa simu," nikasema. "Hospitali huwaita. Naweza kuomba mwanamke."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kwenye gari."

"Kaza boliti zako, basi. Mgongo unaniuma hapa."

Nikakaza. Asubuhi iliyofuata nikapiga simu hospitalini kuomba nafasi mpya na mkalimani mwanamke, na nikajitahidi nisieleze sababu.

Alhamisi tulienda. Gari lilitulia barabarani kama lilivyotulia lilipokuwa jipya, na sikumwambia hivyo. Aliingia ndani peke yake na fimbo yake, mimi nikabaki maegeshoni saa nzima bila mtu wa kumweleza chochote. Alipotoka nilishuka kumfungulia mlango.

"Pole, mama."

"Ahsante, baba. Twende."

Alienda kila Alhamisi mpaka daktari alipomwambia inatosha. Mipaka ilipofunguliwa alipanda ngazi za ndege bila kushikwa. Baada ya mimi kubaki nje alifanya mazoezi gani, mpaka leo sijui.