Uji wa Kuonja

Mama muuza uji wa wimbi, pale nje ya kliniki Busia, hamgawii mjamzito uji wa bure, maana anajua atakataa. Humwomba amwonjee. Hupangusa kikombe kwa pindo la leso, akakijaza mpaka ukingoni. "Mwanangu, ulimi wangu umezeeka. Hebu onja, sukari imetosha?"

Leo ni zamu ya Akello, mwenye mimba ya miezi minane, aliyetembea kutoka Sikuda. Anakunywa bila kupumua, anarudisha kikombe kitupu.

"Imetosha kabisa, mama."

Mama anaitupia jicho pakiti ya sukari kando ya jiko. Bado haijafunguliwa. Anaisukuma taratibu nyuma ya sufuria.

"Mimi bado nina wasiwasi," anasema, akijaza tena. "Onja polepole."