Musumari ya Madame Paula

Mukiniona nimenuna kwa Darlène siku ya fête, siku ya sherehe, musiniulize tena kama ninagonjwa. Sigonjwi. Iko picha moja kwa salon yake, juu ya télé, na ile picha inanichoma roho. Bon, kaeni, niwaambie habari ya muzungu aliyeichora.

Jina yake Madame Paula. Nyumba yake ilikuwa Jette, mutaa wa huku kwa wazungu, ya matofali mekundu, ngazi zinapanda mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Mwaka wa nonante-six, tisini na sita, mimi ndiye nilikuwa ninamuosha, ninamulisha, ninamulaza, tangu lundi mpaka samedi, siku sita za juma. Dimanche mimi ni mutu wa misa, donc alikuwa anakuja Darlène, mutoto wa Bukavu kama mimi, shingo ndefu, meno meupe, na vyombo hajui kuosha. Madame Paula alikuwa amepita miaka nonante, lakini ulimi yake ilikuwa bado inakata. Tulikuwa tunasema français, hapa ninawageuzia.

Baba yake alikuwa muchoraji. Mama yake alichora maua. Kaka yake Constant ndiye alikuwa muchoraji mukubwa, picha zake ziko kwa musée, nyumba ya makumbusho. Na Paula? Paula alichora picha za vitabu vya watoto: kuku, sungura amevaa kofia, mutoto anakunywa maziwa. Tangu alipokuwa kijana kazi yake ilikuwa ile, na ile ndiyo ilinunua makaa ya mawe ya kutia nyumba yote joto, Constant pamoja. "Constant anafanya sanaa," wageni walikuwa wanasema, "na Paula anasaidia nyumba." Aliponieleza ile, aligonga kijiko kwa sahani mpaka nikaogopa itavunjika.

Sasa sikieni. Siku moja ninapanga droo yake, ninaona karatasi ya zamani: mama mweusi, mutoto mugongoni, jembe mukononi. Nikapiga kelele. "Yesu na Maria! Ni huyu!" Kumbe wamisionari walikuwa wamemuomba achore picha za kitabu ya kusomea, ya kutumwa Congo. Mimi nilijifunza kusoma kwa ile kitabu! Huyu mama alikuwa kwa ukurasa wa kwanza. Na Madame Paula hakukanyaga Congo hata siku moja. Alikuwa anajiangalia kwa kioo, anachora mukono yake mwenyewe, halafu anaipaka rangi nyeusi. Alors, yule mama alishika jembe kwa vidole vitatu, namna mutu anashika kalamu. Mama yangu alipoiona, kule kwetu, alicheka mpaka akakaa chini. "Uyu hajalima hata siku moja! Jembe itamuponyoka, imukate muguu!"

Nilimwambia Madame Paula hivyo hivyo. Mwingine angekasirika. Yeye aliangalia mukono yake, akainyoosha, akaikunja.

"Nilijua iko kitu mubaya pale," akasema. "Hakuna hata mumoja aliniambia. Wote walisema c'est joli, ni muzuri."

Tangu siku ile nikajiona mimi ndiye mutu wake. Ee, nilijiona.

Kwa jamaa yake walikuwa na desturi. Kila dimanche, kisha chakula, wote wanakaa kwa meza ya jikoni na kuchorana. Halafu baba anachagua picha moja, anaitundika kwa musumari karibu na mulango, inakaa pale juma nzima. Na sheria ilikuwa moja: mwenye kuchora hatundiki picha yake mwenyewe. Ni mwingine anachagua.

"Na yako ilitundikwa mara ngapi?" nikamuuliza.

"Hata mara moja."

Ya mwisho baba aliitundika mbele ya kufa ilikuwa ya Constant: mama yao anamenya viazi. Constant naye alikufa, na picha ilibaki palepale. Kila asubuhi ninamupa kahawa, yeye anaiangalia, midomo imekazana. Siku moja nikauliza kama ni mubaya.

"Ingekuwa mubaya, ningekuwa nimeisahau," akasema. "Ni muzuri, Émérance. Ile ndiyo inaniuma."

Bon. Mwezi wa kumi akakuja Joke, mujukuu wa Constant, na gari. Walikuwa wanatayarisha maonyesho ya babu yake, akaomba picha ya viazi. Madame Paula akasema chukua. Ukuta ukabaki na alama nyeupe, na musumari katikati. Nilifikiri atalia. Aliomba kalamu na karatasi.

Na ni nani alikaa mbele yake? Darlène! Kwa sababu kuchora ni dimanche, desturi ni desturi, na dimanche ni ya Darlène. Mimi lundi ninafika, vyombo vimejaa mafuta, na sura ya Darlène imetawanyika kitandani: Darlène wa upande, Darlène wa mbele, Darlène anasinzia. Nikikutana naye barabara ya Chaussée de Wavre, kwa duka ya pagne, vitambaa vya kitenge, ananishika mukono, ananiita dada mukubwa: "Ya Émé, uliona? C'est joli, hein?" Nilikuwa ninajibu ee, na ninavuta mukono yangu. Mimi niliyejifunza kusoma kwa picha za mukono ya yule muzee! Mimi ninayejua mahali mugongo yake inamuuma! Huyu wa juzi tu ndiye anachorwa?

Madame Paula akaanza kukohoa. Munganga akaniambia mulangoni, polepole, kwamba baridi ile hataimaliza. Dimanche iliyofuata sikuenda misa. Nilivaa pagne yangu ya Pasaka, nikamwambia Mungu atanisamehe, nikaenda Jette.

"Ya Émé!" Darlène akashangaa. "Misa imeisha?"

"Kwangu imeisha."

Madame Paula aliniangalia, pagne yote, tangu kitambaa ya kichwa mpaka chini, akacheka mpaka kikohozi ikamushika. "Kaeni wote wawili," akasema.

Alituchora pale jikoni, mukono ya kuchora anaishika na ile ingine. Kisha akaweka karatasi mbili kwa meza.

"C'est joli!" Darlène akapiga makofi. "Zote mbili, c'est joli!"

Madame Paula hata hakumugeukia. "Émérance," akasema, "wewe ndiye utatundika."

Nikaangalia. Kwa yangu, pagne ilikuwa kamili, kila ua mahali pake. Lakini sura ilikuwa ya mutu anapigwa picha ya passeport, na vidole vilikuwa vile vya mama wa jembe. Ya Darlène ilikuwa mistari kidogo tu. Shingo imegeuka, mudomo karibu kucheka, na macho yanawaza mahali pa mbali. Ungesema ataita mutu sasa hivi. Wivu ilinipanda puani kama pilipili. Nikashika yangu. Ningeitundika, nani angenihukumu? Nilienda nayo mpaka kwa musumari.

Nikarudi. Nikaiweka mezani, nikachukua ya Darlène, nikaitundika.

"Uko na hakika?" muzee akauliza.

"Niko na hakika. Na inaniudhi sana."

Macho yake yakajaa maji. "Baba alimupenda Constant, donc alipochagua, sikumuamini hata siku moja. Huyu mutoto anapenda kila kitu. Lakini wewe uko na wivu mpaka masikio yanatoa moshi." Akanishika mukono. "Wewe ninakuamini."

Akakaa akiiangalia picha yake kwa musumari mpaka kahawa ikapoa. Alikufa mbele ya Kwaresima. Joke akatupatia kila mutu picha yake. Yangu iko kwa kabati, chini ya mashuka.

Fête iliyopita kwa Darlène, wote walikuwa jikoni wanagombania samaki, mimi niko peke yangu salon na sahani yangu. Musumari yake ya bei rahisi ikalegea, picha ikaanguka nyuma ya télé. Nikaiangalia pale chini. Nikasema, vizuri sana, ulale pale pale.

Halafu nikaweka sahani, nikavua kiatu, nikapiga ile musumari na kisigino mpaka ikaingia sawasawa, na nikaitundika tena.