Alama Kwenye Udongo wa Wakoli

Festus Wakoli wa Matisi, mjini Kitale, alichonga mipini ya visu kwa miaka ishirini. Kila mteja alipewa kwanza donge la udongo mbichi alifinye, ili mpini ufuate kiganja chake. Hata askari mmoja aliyeleta bastola yake ichongewe mpini, pamoja na barua ya kituo cha polisi, alilifinya.

Agosti ya mwaka 2006, msimu wa tohara, akaja mgeni aliyejiita ngariba kutoka Misikhu.

"Kisu kiko wapi?" Wakoli akamuuliza.

"Si unajua kisu cha ngariba hakitembezwi ovyo, mzee? Wewe chonga tu, nitapachika mwenyewe."

Jibu hilo halikumkaa Wakoli rohoni. Siku zile huko Mlima Elgon watu walikuwa wakiuawa kwa risasi, naye hakutaka kazi yake ishikwe na muuaji. Hata hivyo, alimpa udongo.

Mgeni akaufinya, akaurudisha. Wakoli akaugeuza polepole. Vidole vitatu vilikuwa vimeukumbatia, lakini cha shahada kilikuwa kimejikunja juu peke yake, kama kinachovuta kitu. Alama hiyo aliwahi kuiona mara moja tu, ya yule askari wa bastola.

"Mbona unaangalia hivyo, bana? Ati unanipigia ramli?"

"Mkono wako umeshasema," Wakoli akajibu, akiuponda udongo ukawa donge tena. "Mti wa kisu kama hicho sina."

Mgeni alimkazia macho, kisha akaondoka bila kuaga. Ndipo Wakoli alipogundua kwamba mkono wake wa pili ulikuwa umeing'ang'ania patasi.