Nyumba ya Miaka Kumi na Minane

Mwaka 2012, habari za kugunduliwa kwa mafuta Turkana zilipofika Lodwar, mwenye nyumba wangu alipandisha kodi kabla hata tone moja halijaonekana. Nilikasirika, nikaapa kujenga kwetu Bungoma. Nikapiga hesabu: mshahara wangu wote wa karani, bila kula wala kuvaa, ungejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa miaka kumi na minane.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kakuma kikazi, nikamsimulia hayo mwalimu wa zamani kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na kibanda cha chai katika kambi ya wakimbizi. Alicheka. Kule Juba, alisema, angefundisha mpaka meno yamwishe na bado angepata mlango tu. Tukaanza kubishana ni nchi gani nyumba ni ghali zaidi, kila mmoja akitetea ya kwake kama timu ya mpira.

Mama wa Kiturkana aliyemletea maziwa alikuwa ameketi akitusikiliza.

"Miaka kumi na minane, nyumba moja?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi yangu nilijenga siku nne. Fito na majani ya mikoma."

Kwao, mwenye kujenga nyumba ni mke. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole sana. Kwani bibi yako ni mgonjwa?"

Jioni nilimpigia mke wangu simu nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie mimi ni mzima," akasema. "Mgonjwa ni mshahara wako."