Jibu la Mlangoni

Juzi binti yangu alinisomea ukurasa wa riwaya ya vita: mtoto kajificha, mlango unagongwa. Nikamwambia afunge kitabu. Pua yangu ilikwishajaa harufu ya bizari ya nyumba yetu ya zamani, Wattaya, ng'ambo walikohamia wazee wetu kutoka Unguja.

Mchana ule televisheni ilikuwa ikionesha vita vya Kuwait. Bibi, mamake baba, aliizima, akatia komeo, akanisimamisha nyuma ya mlango.

"Wakigonga, jibu wewe. Sema hakuna mwanamme humu, baba yangu keshakufa. Na usilie, nnakwambia. Haya, sema."

Nikasema. Akanirudisha mwanzo tena na tena. Mimi nilidhani ni mchezo, na nikikosea nitashindwa tu.

Mara mlango ukagongwa kweli. Kiyoyozi kilinguruma. Nikapaza sauti, vizuri kabisa, bila ya kulia:

"Hakuna mwanamme humu. Baba yangu keshakufa."

Kisha nikaisikia sauti ya baba, aliyetoka kazini Rusayl mapema: "Fungua, mwanangu. Ni mimi."

Nilipofungua nilingoja anicheke, au anigombeze. Hakufanya lolote. Sasa najua kuwa Unguja, wakati wa mapinduzi, siku waliyokuja kumchukua babu, baba alikuwa na umri wangu wa wakati ule. Siku ile niliona tu mtu mzima akikaa chini kizingitini, viatu miguuni, akimtazama mamake.

"Mama," alisema, "maneno yale yale?"